Maji ya Bati

Feza mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya na nyumba imetulia. Naandika sasa, jua likiwa bado halijatua, ili kesho stesheni tusiwe na kazi nyingine zaidi ya kupandisha mizigo. Mambo ya chandarua, ya sabuni, ya watu wa kukaa nao mbali ndani ya gari-moshi, shangazi yako amekwambia mara tatu. Mimi nina jambo moja, na ni refu. Nilikusudia usafiri bila kulijua. Jumamosi iliyopita nikakuta siwezi.

Jina la Serafini umekua nalo. Wakati watoto wa jirani wanatishiwa zimwi, wewe ulikuwa unamsikia Serafini. Unajua kwamba aliniibia kazi yangu. Unajua kwamba leo ni profesa Lubumbashi, katika fakulte ileile unayokwenda kujiandikisha. Usichokijua ni kwamba fakulte hiyo sikukuchagulia kwa sababu una akili ya sayansi. Akili unayo, lakini hiyo siyo sababu. Nilikuchagulia kwa sababu yumo yeye.

Nianze mwanzo, maana wewe umesikia vipande tu, na vipande hivyo nilivipanga mimi.

Niliajiriwa kuosha vyupa. Nilikuwa na diploma ya Serikali, bio-kemia, asilimia nzuri, lakini nafasi iliyokuwapo ilikuwa ya kuosha vyupa kwenye mradi wa samaki pale karibu na Lukuga inapotoka ziwani. Walikuwa wanaangulisha kambale. Mayai yalitandazwa kwenye sinia za wavu, maji yanapita taratibu, na kabla ya vifaranga kutoka unakuta nusu ya sinia imeota nyuzi nyeupe kama pamba. Ni kuvu ya maji. Inaanzia kwenye yai lililokufa, kisha inatambaa na kuyafunika mazima. Kila juma tulikuwa tunamwaga mayai kwa ndoo.

Serafini alikuwa direkta. Alikuwa kijana bado, ana sauti nzuri, anavaa koti jeupe hata akienda kununua mkate. Swali lilikuwa lake na sitamnyang'anya: tukijua kuvu hii inakula nini, na kitu gani haiwezi kuishi bila hicho, tutajua namna ya kuinyima. Aliniuliza kama ninaweza kuitunza hai. Nikasema naweza.

Nilichemsha punje za ufuta, nikazipasua, nikaziweka kwenye visahani vyenye maji ya bwawa. Siku ya tatu kila punje ilikuwa na ndevu nyeupe. Nilikuja nyumbani nikamwambia baba yako, Mungu amrehemu, kwamba nimeotesha kitu. Akacheka, akasema wenzangu wanaotesha mihogo.

Baadaye tuliacha ufuta, kwa sababu ndani ya punje mna kila kitu na huwezi kujua kuvu imechukua kipi. Tukawa tunaipikia chakula kwa vipimo: maji matupu, sukari kidogo, unga mweupe uliotolewa kwenye nyama, na chumvi mojamoja. Nilijifunza hapo kwamba ina maringo. Ukiipa naitrojeni ya mbolea ya dukani, ile ya naitreti, haigusi. Inataka iliyokwisha kupita ndani ya mwili wa kiumbe. Salfa vilevile: ukiiweka kama chumvi inaiacha, ukiiweka ikiwa ndani ya unga wa nyama inaikimbilia. Nikitoa potasiamu inasimama. Nikitoa fosforasi inasimama. Magneziamu, hivyohivyo. Yote hayo niliyaandika katika kaye, daftari langu: tarehe, saa, urefu wa nyuzi kwa rula.

Kilichotusumbua ni vile vidogo kabisa, zinki na chuma. Vitabu vya Serafini vilisema kuvu inavihitaji, chembe tu. Lakini kwetu, tukiviondoa, kuvu inaota vilevile. Miezi miwili aliniambia ninakosea kupima. Nilirudia mpaka vidole vikachubuka kwa asidi ya kuoshea. Mwishoni nilikaa nikauliza maji yenyewe yanatoka wapi. Mashine ya kuchuja maji ilikuwa imekufa zamani, tulikuwa tunatumia maji ya mvua kutoka kwenye pipa. Na pipa linajazwa na bati la paa. Bati, Feza, limepakwa zinki, na letu lilikuwa na kutu. Tulikuwa tunaitoa zinki kwa mkono mmoja na kuirudisha kwa ndoo.

Nilimwomba Papa Mulongo anisaidie. Huyu alikuwa mlinzi wa mabwawa, mtu wa Nyunzu, mrefu, mpole, anayesema na samaki akidhani hakuna anayemsikia. Alisimamisha miti minne uwanjani, akatandaza plastiki, mvua ikaanguka moja kwa moja kwenye plastiki na kuingia kwenye bidoni, dumu safi la plastiki. Bidoni hiyo ilikuwa yake kuitunza. Hakuna aliyeigusa isipokuwa yeye na mimi.

Kwa maji hayo kuvu isiyopewa zinki ilitoka nyembamba kama nywele za mgonjwa. Isiyopewa chuma, hivyohivyo. Nilimwita Papa Mulongo aje aone. Aliinama juu ya kisahani, mikono nyuma, akasema, "Mama Feza, hii njo njaa. Hii naijua." Hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizopata katika kazi.

Serafini alichukua kaye yangu ili aisome. Sikuiona tena. Baada ya miezi mitatu walikuja wageni kutoka Kinshasa na ng'ambo, akasimama mbele ya ukuta mweupe na kuwaonyesha michoro. Zilikuwa namba zangu. Hata kosa langu moja, siku niliyoandika saba badala ya moja, lilikuwa pale ukutani. Aliwaeleza habari ya bati kama mtu aliyeigundua akioga. Jina langu halikuwapo, hata chini kwa herufi ndogo. Kisha akageuka, akaniona mlangoni, akasema kwa ile sauti yake nzuri, "Mama Feza, wageni wana kiu." Nikagawa soda. Mwanangu, niligawa soda, na mmoja wao akaniambia asante bila kuinua macho.

Baadaye nilimwendea ndani ya biro, ofisi yake. Nilimwambia, "Shefu, ile kazi ni yangu."

Akasema, "Mama, kazi ni ya mradi."

"Basi jina la mradi lingeandikwa."

Akaniangalia kwa huruma. Ile huruma ndiyo siwezi kuimeza mpaka leo. Akasema, "Weye unajua kuosha vizuri sana. Usiharibu nafasi yako."

Kuanzia hapo nilikuwa nalala na kuamka na kitu kimoja. Niliosha vyupa vyake viking'aa. Nilimsalimia. Nilimchanganyia chai. Nilingoja.

Wageni walikuwa wameahidi kurudi. Walitaka kuona kwa macho, si michoro, na wakiridhika wangempeleka Serafini kusoma ng'ambo. Alipanga visahani vitatu: kimoja chenye chakula chote, kimoja bila zinki, kimoja bila chuma. Mimi ndiye niliyepaswa kuviandaa juma moja kabla. Nilikwenda uwanjani, nikamwaga bidoni ya Papa Mulongo kwenye nyasi, nikaijaza maji ya pipa. Maji ya bati. Nikaifunga vizuri na kuirudisha mahali pake. Nitakwambia ukweli: nilikuwa naimba.

Siku ilipofika, alifunua visahani mbele ya watu sita. Vyote vitatu vilikuwa vimejaa pamba, vinene, vinafanana kama mapacha. Mgeni mmoja, mwanamke mwenye miwani, aliinama kwa kimoja, akainama kwa kingine, akauliza kwa upole, "Tofauti iko wapi?" Serafini alivisogeza visahani karibu na dirisha. Shingo yake ilibadilika rangi kuanzia kwenye kola. Nilikuwa nimesimama mlangoni tena na trei ya soda, na nilimwangalia mpaka mwisho. Nimeirudia picha hiyo kichwani mara nyingi kuliko ninavyosali. Ukiniuliza leo kama ilikuwa tamu, nitasema ndiyo.

Lakini Serafini si mjinga. Habari ya bati alikuwa ameshaisoma kwangu. Wageni walipoondoka alikwenda moja kwa moja kwenye bidoni, akaiinamisha, akaona chembe za kutu chini. Alimwita Papa Mulongo mbele yetu wote.

"Ulichota wapi haya maji?"

"Kwa plastiki, Shefu."

"Unasema uongo. Uliona uvivu kungoja mvua, ukachota kwa pipa."

"Shefu, nilichota kwa plastiki."

"Toka. Leo hii."

Papa Mulongo alituangalia mmojammoja. Aliponifikia mimi alisimama kidogo, si kwa kunishuku. Alitaka niseme kwamba yeye si mvivu, maana mimi nilimjua kuliko wote. Niliangalia trei. Chupa moja ilikuwa bado na soda nusu, nikaanza kuangalia mapovu yake yanavyopanda. Alivua buti za mradi, akaziweka sambamba karibu na mlango, akaondoka miguu mitupu.

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho nikajiambia nikisema nitafukuzwa na wewe hutasoma. Juma la pili nikajiambia kosa ni la Serafini, yeye ndiye aliyemfukuza, mimi sikumfukuza mtu. Hilo lilinifaa, nikakaa nalo.

Papa Mulongo alirudi kwao upande wa Nyunzu na mke wake na watoto wanne. Vita vilipofika kule, walikimbia kwa miguu mpaka hapa Kalemie. Niliwakuta kwenye kambi ya waliohama, nilipokwenda na akina mama wa parokia kugawa nguo. Watoto sasa walikuwa watatu. Aliniona kabla sijamwona, akaja akicheka, akanishika mikono yote miwili. "Mama Feza, kuvu yetu iko?" Nilimpa koti la baba yako. Sikumpa kingine.

Na Serafini? Alikaa mwaka mmoja akinuna, halafu akapata nafasi nyingine, akaenda, akarudi daktari, sasa ni profesa. Mradi ulikufa. Shoka nililomrushia yeye lilimkwaruza kola tu. Nilipolijua hilo, badala ya kuacha, nikaanza upya, na safari hii chombo changu kilikuwa wewe.

Ulikuwa na miaka tisa nilipokufundisha madini ya kuvu kwa mpangilio, kama mtu anavyofundishwa rozari. Wenzako walikuwa wanaruka kamba. Ulipofika miaka kumi na sita ukaniambia unataka kuwa mkunga, kama yule sista wa hospitali uliyempenda. Nilikwambia mkunga ni kazi ya wasio na akili. Si kweli, na nilijua si kweli. Mkunga ndiye aliyekutoa wewe ukiwa na kitovu shingoni. Ulilia siku mbili, siku ya tatu ukafungua kitabu cha biolojia. Nilifurahi, na furaha yangu haikuwa ya mama.

Mpango wote ni huu. Kaye aliyonayo Serafini ilikuwa nakala safi; ile ya kwanza, yenye madoa, ilibaki kwangu. Niliitia ndani ya sanduku lako, katikati ya vitenge. Mwaka wa kwanza ungekaa kimya. Mwaka wa pili, akifika somo lake la kuvu ya maji, ungesimama mbele ya wanafunzi mia tatu na kumuuliza habari ya bati, kisha ungeinua kaye. Maneno nimekufundisha mwenyewe, nikikwambia ni mazoezi ya kujiamini. Ungejibiwa nini, ungefelishwa miaka mingapi, ungerudi Kalemie na nini mkononi, sikujiuliza. Nilikuwa naiona shingo yake tu.

Kilichokosekana ni shahidi. Ndiyo maana Jumamosi nilikwenda kwa Papa Mulongo.

Siku hizi anashona nyavu za wavuvi, nyumba yake iko juu kidogo ya Lukuga. Nilibeba unga wa mahindi mfuko mzima. Mke wake, Mama Kyungu, aliniletea kiti na kikombe cha maji. Nilimweleza Papa Mulongo ninachotaka: aandike kwamba aliniona kwa macho yake nikipima na kuandika.

Alisikiliza huku sindano inaendelea. Kisha akauliza, "Mama Feza, mambo yote unayakumbuka hivyo, mpaka saa. Basi ile maji ya bidoni, ilikuwaje?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimezoea. Lakini aliuliza bila hila, akiangalia fundo lake, na mdomo wangu ukasema wenyewe.

"Ni miye niliyaweka, Papa."

Sindano ikasimama. Nilidhani atanipiga, na ningekaa anipige. Akasema, "Miaka hii yote nilifikiri pengine nilikosea bidoni. Nalala, nafikiri: pengine siku ile nilichoka, nikachota kwa pipa, nikasahau. Nilianza kujikumbuka nikichota kwa pipa, Mama Feza. Naona kabisa mukono yangu."

Niliweka kikombe cha maji chini.

Akaita, "Mama Kyungu, kuja usikie." Mke wake akaja akifuta mikono. "Sema tena," akaniambia. "Huyu njo aliniita muvivu kila siku ya njaa. Sema mbele yake."

Nilisema tena. Kusema mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu Mama Kyungu aliniangalia usoni tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Nilipomaliza hakunitukana. Aliinama, akachukua kikombe cha maji alichoniletea, akakimwaga. Akauinua mfuko wa unga, akautoa nje, akauweka barabarani, akarudi ndani.

Nilisimama niondoke. Papa Mulongo akasema, "Karatasi ya Serafini siandiki."

"Nimeelewa, Papa."

"Hapana, haujaelewa. Mara ya kwanza ulitaka kumupiga yeye, ukanipiga miye. Sasa unataka kumupiga tena. Safari hii utapiga nani?"

Nilirudi kwa miguu nikiwa na unga kichwani. Nilipofika uani ulikuwa unapiga pasi blauzi yako nyeupe na kusema peke yako, kwa sauti ya chini, yale maneno niliyokufundisha. "Profesa, naomba kuuliza. Maji mliyotumia yalitoka wapi?" Uliyasema vizuri sana. Ulikuwa na mkono mmoja hewani, kama mtoto wa shule anayeogopa mwalimu. Ndipo nikaingia chumbani nikajifanya naumwa kichwa.

Sasa usije ukadhani mama yako amekuwa mtakatifu. Serafini sijamsamehe. Leo akianguka ndani ya Lukuga nitasimama kwanza nitazame. Kama Mungu anataka nimsamehe itabidi aje aniambie mwenyewe, na nitamuuliza maswali. Lakini ile hasira ni yangu, niliipata kwa kazi yangu na kwa soda nilizogawa, na wewe huna fungu ndani yake.

Kaye nimeitoa kwenye sanduku. Mahali pake nimeweka vyeti vyako, vyote, pamoja na ile barua ya sista ya kukupendekeza kwa shule ya ukunga, ambayo niliificha na kukwambia imepotea. Soma upya tarehe: haijaisha nguvu. Minerval, ile ada ya mwaka wa kwanza, inalipwa popote utakapojiandikisha.

Serafini nimemwandikia mwenyewe, kwa jina langu lote. Nimeandika kwamba kaye ni yangu na namba ni zangu. Nimeandika pia kwamba maji niliyamwaga mimi, na kwamba alimfukuza mtu asiye na kosa, na mimi nilikuwa nimesimama pale. Nimemtaka arudishe jina langu na amwandikie Mulongo. Asipojibu nitapanda gari-moshi, nitakaa mlangoni kwa oditwari, ukumbi wake wa kufundishia, na mikono yangu hii iliyochubuka, na atapita mbele yangu kila asubuhi. Nina subira. Anajua jinsi ninavyoosha.

Kama utaamua kubaki na kuvu, kwa kuipenda wewe mwenyewe, baki, na ukimkuta darasani msikilize, maana anafundisha vizuri. Hilo pia ni kweli na linaniuma. Kama utakwenda kwa wakunga, nenda. Usiniambie kesho stesheni, mbele ya watu. Niandikie ukifika.

Leo asubuhi, nikitoka kukununulia mkate wa njiani, nilikutana na Papa Mulongo na mke wake kwenye avenyu. Aliniona kwa mbali, kama alivyoniona kule kambini. Nilisimama nimsalimie. Alimshika Mama Kyungu mkono, wakavuka upande wa pili, wakapita bila kugeuza shingo. Ninajua mimi mwenyewe mtu anavyombeba mwingine ndani yake miaka na miaka, na ningemchukia yeyote ambaye angenifuata barabarani kuniambia niache. Kwa hiyo sikumfuata. Serafini wake ni mimi.

Mama yako